Hii Si Rangi

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulikuwa unatoka kwa mwokaji na mkate wa moto kwapani, naye anapanda mtaa wa kiwandani, skafu ya kijivu imezungushwa kutoka kidevuni hadi utosini, kama wanavyofungwa maiti ili mdomo usiachame. Ukaangalia viatu vyako. Ukavikagua kana kwamba ndiyo siku ya kwanza kuvivaa. Alipokupita ukainusa ile harufu ya kitunguu saumu kilichooza, ukavuka barabara, ukaenda kumwambia mkeo kwamba theluji mwaka huu imezidi.

Sikupigii kelele. Kelele nilizipiga miaka mingi, nikihutubia juu ya pipa, kwenye ngazi za ukumbi, mbele ya lango la kiwanda, na wewe ulikuwa unapita. Kilichobaki kwangu ni kumbukumbu, nayo haina moto wala baridi, ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Nitakusimulia jinsi mambo yalivyokwenda hapa Lauvsund. Nikimaliza nitakudai kitu.

Mwanamke yule alikuwa dada yangu, Ragnfrid Solli. Alifanya kazi chumba cha kuchovya, kiwanda cha viberiti cha Konsuli Wessberg. Unashika fremu iliyojaa njiti, unachovya ncha zake kwenye uji wa fosforasi nyeupe, unatundika, unashika nyingine. Mvuke unapanda usoni. Jioni ukivua sketi gizani, inang'aa. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akirudi kutoka chumba hichohicho, tukimwambia azime taa tumwone anavyowaka, naye anazungukazunguka pale katikati ya nyumba, tunacheka.

Baada ya miaka, jino linauma. Linang'olewa, kidonda hakifungi. Shavu linavimba, usaha unatoka, kisha mfupa wa taya wenyewe unaanza kufa, unatoka vipande vipande. Watu wa hapa wana neno moja la ugonjwa huo wote. Wanasema, "Ana jino." Mama alikuwa na jino. Nusu ya wanawake wa mtaa wa kiwandani walikuwa na jino. Neno zuri sana, maana jino ni lako mwenyewe, umezaliwa nalo. Jino halina mwajiri.

Konsuli Wessberg hakuwa mtu wa kukwepa maswali. Tulipomkabili mkutanoni, chama kizima cha wafanyakazi, tukamwambia kuna fosforasi nyekundu isiyoozesha watu, alisimama akajibu vizuri, mkono kifuani: "Siku Daktari Rieck atakapotamka mbele ya watu kwamba ni fosforasi, siku hiyohiyo natupa nyeupe baharini naleta nyekundu. Mna neno langu." Akapigiwa makofi. Daktari Rieck alikuwa daktari wa kiwanda. Alikula Jumapili mezani kwa Konsuli.

Kwa hiyo Ragnfrid alipoanza kuvimba hakutaka kulipwa, wala hakutaka kuombewa. Kupona alijua hatapona, alimuuguza mama. Alitaka Daktari Rieck atamke. "Mbele za watu," alikuwa akisema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Aseme tu mara moja. Ili Sunniva atoke pale."

Sunniva Bråten alikuwa binti wa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Ragnfrid alipofukuzwa kwa kuwa "dhaifu", Sunniva ndiye aliyewekwa kwenye benchi lake. Alikuwa na meno yote, meupe, na kicheko kilichovuka ukuta.

Sasa nikueleze kuhusu Severin Lindaas, maana bila yeye haya yangekuwa ugonjwa tu.

Unamjua. Dunia nzima inamjua. Lakini sisi tunamjua kwa nyumba: ghorofani, juu ya ghala la lami, pale gatini. Baba yake alifilisika katika biashara ya mbao, watu wa hapa wakaacha kuwasalimia, na kijana akaondoka na kisanduku kwenye mkokoteni wa mtu mwingine. Akaenda kuishi nchi za joto, akaandika tamthilia zake zote huko, chini ya mizabibu, kuhusu sisi. Kila mwaka, kabla ya Krismasi, meli ilileta kitabu chake kipya. Uji wa mchele ukishaliwa, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza wamenuna. Kabla ya mwaka mpya mchungaji na mkuu wa forodha wameshaacha kusalimiana, na mashemeji wamegombana. Ndivyo tulivyosherehekea.

Mimi ni mtu wa kiwanda cha mbao. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya njaa. Kusoma kwa kweli nilijifunzia kwenye kitabu chake kimoja, *Kaa la Mwisho*, neno kwa neno, kidole chini ya mstari, karibu na jiko la ukumbi wa wafanyakazi. Kinahusu tajiri wa kiwanda cha viberiti na msichana mgonjwa, Eli, anayekuja kumwashia taa kila jioni. Mwishoni tajiri anaanguka kwa magoti. Nilipofika pale nililia kama ng'ombe. Nikasema, huyu mtu yuko upande wetu. Nikaanza kusimama kwenye pipa.

Konsuli naye alikipenda sana. Kila tamthilia ile ilipochezwa alikuwa safu ya mbele, analia, ana leso yake maalumu ya kazi hiyo. Kuni za jiko la ukumbi alitoa yeye.

Lindaas alipotimiza miaka sabini alikubali kurudi. Mara ya kwanza tangu ule mkokoteni. Mji ulipoteza akili. Ikaamuliwa: siku ya kwanza kikundi cha maigizo cha wafanyakazi kitamchezea *Kaa la Mwisho*, siku ya pili maandamano ya mienge hadi chini ya roshani ya hoteli. Mwalimu Nybø, mwenyekiti wa kikundi, akagawa nafasi. Eli akapewa Agathe, binti wa mfamasia, kwa kuwa alijua kulia na kwa kuwa baba yake alitoa bure rangi ya kuwapaka waigizaji usoni. Mimi nikapewa kazi yangu ya siku zote, mkumbushaji: kukaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, kichwa chini ya kifuniko cha mbao, kitabu mkononi, kuwanong'oneza waigizaji maneno wakisahau. Unawatazama wao, umewapa watazamaji kisogo.

Asubuhi moja kabla ya siku yenyewe Agathe akaamka hana sauti. Nilirudi nyumbani nikamkuta Ragnfrid anaponda kiazi na maziwa, chakula chake pekee wakati huo.

"Agathe amekauka koo," nikamwambia. "Hata kukohoa hawezi."

"Nani anaingia badala yake?"

"Hakuna. Mwalimu amekaa anatafuna kucha."

Akaendelea kuponda. Halafu akasema, "Mimi nayajua maneno ya Eli."

"Wewe?"

"Kaka, umeyasoma humu ndani mpaka paka anayajua. Mpe nafasi paka kama hunitaki mimi."

Nilimtazama. Alikuwa hatanii, au alikuwa anatania na hakuwa anatania. Akaweka uma chini.

"Daktari atakaa wapi?" akauliza.

"Safu ya mbele. Kulia kwa Lindaas."

"Na Konsuli?"

"Kushoto."

"Na mji mzima nyuma yao," akasema. "Torgeir, siku nyingine kama hiyo utaipata wapi?"

Tukaenda kwa Mwalimu Nybø. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono ya chaki. Alimtazama Ragnfrid, akatazama dirishani, akamtazama tena mahali palipo salama, kwenye vifungo vya koti.

"Binti yangu, wewe... unaumwa jino."

"Eli naye anaumwa, Mwalimu."

"Ndiyo, lakini Eli ni... Eli ameandikwa."

"Utaokoa rangi," Ragnfrid akasema.

Mwalimu akacheka, akagundua amecheka. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. "Lakini skafu isitoke," akasema. "Kitabuni Eli havui skafu mbele ya watu. Anavua nyuma ya mlango, na sisi tunaona uso wa tajiri tu. Hapo ndipo ukubwa wa Lindaas ulipo. Haonyeshi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema dada yangu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wewe ulikuwepo, karibu na jiko, koti umelikalia. Lindaas aliletewa kiti kikubwa kutoka sebuleni kwa Konsuli, akakaa humo mdogo, mweupe, mikono juu ya kifundo cha fimbo. Kutoka jikoni nyuma ya ukumbi kulikuja harufu ya kahawa na keki za maziwa, maana akina mama wa chama walikuwa wanajiandaa kwa baada ya mchezo, pamoja na bahati nasibu ya soksi na blanketi. Hakuna mtu Lauvsund anayeweza kuhuzunika bila kujua kahawa inachemka.

Ragnfrid alicheza. Sikujua kama anaweza. Alisema maneno machache ya Eli kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, na nyuma yangu nilisikia watu wanavuta pumzi. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Anaiga vizuri mno, mpaka mate." Mwingine akasema, "Amejifunzia kwa mama yake."

Tukafika sehemu ya nne. Tajiri alichezwa na Aamodt, karani wa posta, ndevu za pamba. Kitabuni taa inazimika, jukwaa linakuwa giza tupu, tajiri anauliza, "Umekuja kudai nini?" na Eli anajibu, "Sijaja kudai. Nimekuja kuwasha taa." Halafu anawasha kiberiti, mwanga unarudi.

Taa ikazimwa. Na pale gizani ile skafu ikang'aa.

Ilikuwa ileile aliyoivaa kazini miaka yote, haikuwahi kutoka harufu wala mwanga. Ulikuwa mwanga wa kijani, hafifu, kama wa samaki aliyelala siku nyingi kwenye ndoo. Ulichora kichwa cha mtu bila uso. Ukumbi mzima ulisema, "Aaah!"

"Mfamasia huyu ni shetani," mtu akanong'ona nyuma yangu kwa furaha. "Ameweka nini pale?"

"Umekuja kudai nini?" akauliza Aamodt, sauti yake imeyumba kidogo.

Ragnfrid akawasha kiberiti, akawasha taa. Hakusema kitu. Nikanong'ona kutoka shimoni, "Sijaja kudai..." Akanitazama. Jicho la upande uliovimba lilikuwa jembamba kama mkato wa kisu, lakini aliniona, na nikajua. Nikafunga kitabu.

Akaanza kuifungua skafu. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Akaiacha ianguke. Akasogea mbele mpaka ukingo wa jukwaa, juu ya kichwa changu, akainua taa karibu na shavu.

Sitakueleza kilichoonekana. Ulikuwepo.

"Hii si rangi," akasema.

Jikoni vikombe viligongana.

"Daktari Rieck," akasema tena, polepole, kila neno amelibeba kwa mikono miwili. "Hii si rangi. Waambie ni nini."

Nilimsikia daktari akisogea kwenye kiti. Nilisubiri. Nilihesabu kwamba binadamu yeyote atasema. Kisha sauti yake ikaja, nzito, ya upole, ile anayoitumia kwa watoto kabla ya sindano: "Mkumbushaji! Msaidie binti wa watu, bwana, amesahau maneno!"

Wakacheka. Kicheko cha huruma, cha watu wanaomtakia mtu mema. Nikatoa kichwa nje ya shimo, nikageuka, nikawaambia kwa sauti yangu ya pipa: "Hajasahau! Kitabuni hamna neno hilo! Anamuuliza daktari!"

"Tazameni sili ametoka kwenye barafu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, maana kichwa changu kilitokeza kama cha yule mnyama wa baharini anayewindwa kwenye tundu la barafu, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko cha kweli sasa. Sili! Rudi chini utapigwa rungu! Na katikati ya kicheko hicho Konsuli Wessberg akasimama, leso usoni, analia mabega yakitikisika, akaanza kupiga makofi. Daktari akasimama. Mfamasia akasimama. Wote wakasimama. Walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye boriti, na dada yangu amesimama pale na taa, na usaha unashuka shingoni, na anangoja wamalize ili aulize tena. Hawakumaliza. Mwalimu Nybø akavuta pazia.

Nyuma ya jukwaa alikaa kwenye kigoda. Skafu hakuifunga tena. Wakaja Konsuli na daktari. Konsuli ameshika ua la chunguni.

"Bi Ragnfrid! Nimelia. Muulize daktari, nimelia kama mtoto."

Ragnfrid hakumwangalia. "Daktari, sema."

"Niseme nini tena, binti? Umecheza ajabu."

"Sema hii ni nini."

Daktari akamshika kidevu. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Kidole gumba kikapita juu ya mfupa, kikasimama mahali fulani, na nikaona uso wake ukijua. Ulijua kabisa. Kisha akatoa mkono, akajifuta kidole kwa leso, polepole.

"Ni jino," akasema. "Jino baya sana. Ungekuja mapema."

"Bado yumo ndani ya mchezo," Konsuli akamwambia daktari kwa upendo, akaweka ua sakafuni, wakaenda kwenye kahawa.

Akabaki mzee Lindaas. Hatukuwa tumemwona amesimama mlangoni. Akaja, akamwomba Ragnfrid ageukie taa. Akageuka. Alimtazama muda mrefu, bila kukunja pua, na hilo peke yake, nakiri, lilikuwa zaidi ya alilofanya mtu yeyote mwaka ule.

"Ni kweli," akasema.

"Ndiyo," alisema dada yangu.

"Mstari ule sikuuandika mimi."

"La."

"Ni mzuri kuliko wangu."

Nikamwambia, "Bwana Lindaas, kesho mji wote utakuwa chini ya roshani yako. Daktari atakuwepo. Konsuli atakuwepo. Ukitamka wewe, hawawezi kucheka. Waambie neno moja tu. Fosforasi."

Akaanza kuvaa glavu, kidole kwa kidole. "Kijana," akasema, "mimi nimeshasema yote kitabuni."

"Kitabu wanakipigia makofi."

"Ndiyo," akasema. "Huwa wanapiga."

Kesho yake saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya majira yale. Mienge ilipangwa kuanzia kanisani hadi hotelini. Konsuli alitoa viberiti bure kwa kila mwandamanaji, pakiti mpya. Sunniva ndiye aliyevichovya, alituambia mwenyewe, walipewa zamu ya ziada kwa heshima ya mgeni. Ragnfrid alisimama kando yangu uso wazi. Watu walituachia nafasi kubwa. Mtu akija kwa nyuma bila kujua angedhani tunaheshimiwa.

Lindaas akatoka roshani. Kelele, kofia juu, wimbo wa taifa. Akainua mkono, pakawa kimya, mienge tu inaunguruma. Akapitisha macho juu ya watu, safu kwa safu, mpaka yakafika kwetu, yakasimama. Aliona. Mdomo ulifunguka. Nilimsikia Ragnfrid akiacha kupumua.

"Baridi kali leo," akasema Lindaas. "Nendeni nyumbani kwenye joto."

Akaingia ndani. Watu walishangilia kama vichaa. Unaona? wakasema. Mtu mkubwa, maneno machache. Neno lake lilirudiwa mjini mpaka Pasaka.

"Amesema nini?" Ragnfrid akauliza. Sikio la upande ule lilikuwa limeshaziba.

"Amesema twende nyumbani."

"Basi twende," akasema.

Tukaenda. Nilipasua kuni. Alikula kiazi chake. Wala hatukuumia. Hatukuhisi kitu. Alinishika mkono akauweka kwenye shavu lake akaniambia, "Finya." Nikakataa. "Finya tu, sisikii." Nikafinya kidogo. Kweli hakusikia. Na mimi vidole vyangu, sijui kwa baridi ya mienge, havikusikia pia.

Alikufa barafu ilipokatika ghubani. Kwenye cheti Daktari Rieck aliandika mapafu. Mazishini Konsuli alituma ua jingine la chunguni.

Krismasi ile meli haikuleta kitabu kipya. Ilileta chapa mpya ya *Kaa la Mwisho*, "iliyosahihishwa na mtunzi". Niliifungua pale gatini, theluji ikiangukia kurasa. Sehemu ya nne. Eli havui tena nyuma ya mlango. Anafungua skafu mbele ya watu, anainua taa, anasema: "Hii si rangi." Na chini yake imeandikwa kwa herufi za mlazo: *Kimya kirefu.*

Kimya kirefu. Alikuwepo, alisikia makofi, akaandika kimya.

Tangu hapo mstari ule umeizunguka dunia. Nasoma magazeti yote ya chumba cha kusomea, hilo hakuna aliyenikataza. Kopenhagen wanaunong'ona. Berlin wanaupigia kelele. Mwigizaji mmoja Paris, walisema, aliunyamazia kabisa, akafungua mdomo tu, na wanawake watatu wakazimia. Kule mji mkuu, Kristiania, wanafunzi walivaa skafu za kijivu majira mazima ya baridi, zikauzwa madukani. Wakaandika kwamba Severin Lindaas ameamsha dhamiri ya Ulaya. Labda. Ulaya ni kubwa, labda mahali fulani mtu mmoja aliamka. Hapa chumba cha kuchovya kiko pale kilipokuwa, na uji ni mweupe.

Lindaas amekufa. Sanamu yake iko sokoni, inatazama bahari, imekipa kiwanda kisogo. Konsuli amezeeka na bado analia. Neno lake alilotupa mkutanoni hajalifuta, nimemuuliza mwaka huu tena: "Siku daktari atakapotamka, Solli. Siku hiyohiyo." Daktari Rieck naye yupo, anatembea kwa fimbo, bado ndiye daktari wa kiwanda.

Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Lindaas, tunaicheza. Msichana anapakwa rangi ya mfamasia, anasema hii si rangi, na wewe unalia. Nimekusikia. Mimi bado niko shimoni na kitabu. Najua kilio chako kwa mgongo.

Leo baada ya zamu Sunniva alibisha kwangu. Alikuwa ameshika mkate, akaniwekea mezani, akasema nile mimi, yeye hawezi kutafuna. Alikuwa na skafu. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mavuno. Si kitu, kaka Torgeir," akasema, na akajaribu kile kicheko chake cha kuvuka ukuta, kikatokea upande mmoja. "Ni jino."

Nikamwambia Jumamosi kuna mchezo, Daktari atakuwa safu ya mbele, tunaweza kupanda jukwaani tukamuuliza tena. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mlevi.

"Nipande niwe Eli? Wanipigie makofi? Hapana, kaka. Nikiwa na watu nyuma yangu nitaenda mlangoni kwake kwa miguu yangu, nimuulize kwenye ngazi, kama mtu. Lakini si peke yangu. Peke yangu atasema jino."

Yuko sahihi. Ukumbini mtu akisema kweli hupigiwa makofi. Mlangoni, watu wakiwa wengi na wamenyamaza, daktari hana mkumbushaji wa kumwita. Na Konsuli anakaa nyumba inayofuata, atasikia, na neno lake tunalo.

Kwa hiyo sitaki ulie. Jumamosi usije ukumbini, au njoo ukipenda, lakini hilo halinihusu. Daktari Rieck yuko nyumbani sasa hivi, taa yake naiona kutoka hapa nilipokaa. Sunniva amesimama langoni kwangu na koti lake, anapigapiga miguu kwa baridi. Tuko wawili. Weka karatasi hii chini. Usiangalie viatu vyako, vivae. Toka nje, gonga kwa jirani, mlete. Ukifika usishangilie na usiimbe, simama tu nyuma ya Sunniva mpaka mzee yule atamke. Usiondoke kabla hajatamka, hata akikuambia kuna baridi.

Inuka.